Muulize Karani wa Mizigo: Ndege yenye pua ya kioo

Barua za treni na meli nimeziweka kando toleo hili, wenyewe mniwie radhi. Tangu nigusie kwa mstari mmoja tu kwamba niliwahi kupakia ndege za Kirusi, bahasha na ujumbe wa simu haviishi kuingia hapa Ujiji. Kwa msomaji mgeni: mimi ni karani mstaafu wa mizigo. Nilianzia gatini Kigoma, kalamu sikioni na daftari mkononi, nikaishia uwanja wa ndege wa Mwanza miaka ile minofu ya sangara ilipokuwa ikiondoka usiku na mchana kwenda Ulaya. Rubani si mimi, mhandisi si mimi. Najua mzigo. Kwa hiyo majibu haya ni ya mtu aliyeitazama ndege akiwa amesimama nyuma yake, mlangoni.

SWALI: Shikamoo babu. Naishi Mwanga, Kigoma mjini. Kaka yangu ni dereva wa lori Mwanza, amenitumia picha ya zamani ya ndege kubwa yenye mabawa juu, injini nne, na kioo puani chini ya marubani. Yeye anasema ni ndege ya vita. Rafiki yake anasema ni ndege ya samaki. Nani mkweli? Na kile kioo ni cha nini?

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Waambie waache ugomvi, wote wawili wamesema kweli. Hiyo ni Ilyushin Il-76. Ilizaliwa jeshini, ikaja kuzeekea kwenye samaki.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 jeshi la Kisovieti lilikuwa likitegemea Antonov An-12, ndege ya injini nne za mapanga inayobeba tani 20 hivi. Magari ya deraya yakawa yanazidi uzito mwaka hata mwaka, na nchi yenyewe unajua ilivyokuwa pana. Wakuu wakataka ndege itakayobeba tani 40 kwa kilomita 5,000 bila kuzidi saa sita, na ikifika huko iweze kutua hata kwenye uwanja wa udongo. Hilo sharti la mwisho ndilo lililoipa sura yake yote. Kazi ilifanywa na ofisi ya usanifu ya Ilyushin chini ya Genrikh Novozhilov, aliyekuwa ameshika kiti cha mzee Sergey Ilyushin. Iliruka mara ya kwanza tarehe 25 Machi 1971, Moscow, na mwaka huohuo ikapelekwa kwenye maonyesho ya Paris watu wa Magharibi waitolee macho. Kiwanda kikawekwa Tashkent, Uzbekistan, na kwa miaka mingi zikatoka huko ndege zaidi ya 900.

Sasa njoo nyuma ya ndege usimame na mimi. Mlango wa nyuma unafunguka, sakafu ya mwisho inashuka mpaka chini inakuwa mteremko, gari linapanda kwa magurudumu yake lenyewe. Ndani kuna urefu wa mita 20 bila kuhesabu huo mteremko, upana wa mita 3.45, na kimo cha mita 3.4. Darini zinapita reli, na juu ya reli hizo zinatembea kapi za umeme nne zinazonyanyua mzigo toka chini na kuupeleka mpaka mbele. Maana yake ukitua mahali pasipo na kreni wala foklifti, kreni umekuja nayo. Ndege za abiria zilizogeuzwa kuwa za mizigo haziwezi hilo. Mlango wake uko ubavuni, juu sana, na bila mashine ya uwanjani utabaki unautazama tu.

Chini ya tumbo kuna miguu minne mikubwa, kila mmoja una matairi manne yaliyokaa mstari mmoja kwa upana, na puani kuna mengine manne. Jumla matairi 20. Upepo wa matairi unaweza kupunguzwa au kuongezwa watu wakiwa ndani, ndege ikiwa angani, kulingana na ardhi wanayokwenda kuikanyaga. Nikimwona kijana anaisifia ndege kwa injini zake huwa nanyamaza. Injini za Il-76, aina ya D-30KP, kila moja ina msukumo wa tani 12, si haba. Lakini mwenye ndege ya mizigo hupata fedha yake kwenye miguu na mlango.

Kioo sasa. Wahudumu wa ndege ile ni wengi kuliko mlivyozoea: marubani wawili, fundi wa injini, mtu wa redio, wasimamizi wa shehena, na mwongoza njia. Huyu wa mwisho hakai na wenzake. Anashuka ngazi ndogo, anakaa peke yake chini yao, ndani ya kile kioo, ardhi yote iko miguuni pake. Kazi yake ilikuwa kuutafuta uwanja kwa macho mahali ambapo hapakuwa na mitambo ya redio ya kuongoza ndege, na kusema ni sekunde ipi askari wa miamvuli waruke au mzigo uachiwe. Mmoja wao pale Mwanza alipenda sana mananasi. Alikuwa akitoka kwenye kishimo chake, mgongo umemkakamaa, anakwenda moja kwa moja kwa mama mmoja getini, wanapatana bei kwa vidole, na kila mara mama alishinda.

Kuna alama moja ya kumtambua mwanajeshi mstaafu. Kwenye ncha ya mkia wa nyingi kati ya ndege hizo kuna kijumba cha vioo. Humo alikaa mtu na mizinga miwili ya milimita 23 kulinda nyuma. Zilipoingia biashara ya raia mizinga iling'olewa, kijumba kikabaki kitupu. Zile zilizoundwa kwa ajili ya raia toka mwanzo hazina kijumba. Mkia wake umefunikwa bati laini. Mwambie kaka yako aangalie picha yake inasemaje.

Zilifikaje kwetu? Mwaka 1991 Muungano wa Kisovieti ulivunjika. Ndege zikajikuta zimegawanyika Urusi, Ukraine, Belarus, Kazakhstan, Uzbekistan na kwingineko, marubani wazuri hawana mishahara ya uhakika, na jeshi halina mafuta ya kuzirusha. Kampuni ndogondogo zikazaliwa, bei ya kukodi ikawa chini, Afrika ikafunguka. Zilibeba chakula cha msaada na zilibeba silaha, na pengine ndege ileile ilifanya yote mawili ndani ya mwezi mmoja. Sisi Mwanza tuliiona ikibeba samaki.

Upakiaji wenyewe ulikuwa hivi. Msimamizi wa shehena anatangulia ndani na kipande cha chaki, anaandika namba sakafuni. Makuli wanaingia na maboksi ya minofu yenye barafu, wanapanga kufuata chaki, ukuta baada ya ukuta, kisha nyavu zinafunikwa na minyororo inakazwa kwenye pete za sakafu. Watu wa boti zetu za ziwani wangemwelewa bila mkalimani: uzito mkubwa unakaa katikati, chini ya mabawa, na huweki mzito nyuma ukamwachia Mungu. Akimaliza kuhesabu karatasi zangu alikuwa anatoka nje, anachuchumaa karibu na tairi, anatazama kile chuma king'aavu cha mguu kimebaki kirefu kiasi gani. Kikiwa kifupi kuliko hesabu yangu, ananitazama mimi. Hapo ujue kuna mtu kiwandani ameandika kilo pungufu ili alipe kidogo, na maboksi yatashushwa, tajiri apige kelele asipige.

Hatari ilikuwepo. Machi 2005 moja ya ndege hizo ilianguka Ziwa Victoria muda mfupi baada ya kuruka Mwanza, na watu wote 8 waliokuwemo walikufa. Huko Algeria, Aprili 2018, ya jeshi ilianguka karibu na uwanja wa Boufarik, wakafa watu 257, wengi wao askari na jamaa zao. Pamoja na hayo bado inatengenezwa. Tashkent ikawa nchi nyingine, kwa hiyo Warusi walihamishia kazi Ulyanovsk, na tangu Septemba 2012 inaruka ile mpya yenye injini nyingine na bawa lililoundwa upya, inayobeba mpaka tani 60.

SWALI: Mimi ni askari mstaafu, nipo Kasulu. Vijana wa kijiweni hawaniamini nikiwaambia kwamba Aprili 1979 pale Entebbe ndege kubwa ya Walibya iliteketea uwanjani. Je, ile ni jamii moja na hiyo ya Kirusi uliyoitaja? Na nani aliyeanzisha ndege za mlango wa nyuma?

JIBU: Mzee mwenzangu, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi basi habari za siku nyingi. Vijana walete kwangu. Gaddafi alikuwa amempelekea Idi Amin askari na silaha kwa ndege, na majeshi yetu yalipouchukua uwanja wa Entebbe, C-130 Hercules moja ya Libya ilipigwa roketi ya bega ikijaribu kuondoka. Kwa hiyo nchi hii ina watu wanaoijua ndege ya mizigo ya kijeshi kwa namna ambayo mimi karani sikuijua, na sina hamu ya kuijua.

Jamii ni moja, ukoo ni mbalimbali. C-130 ni ya Marekani, iliruka mara ya kwanza tarehe 23 Agosti 1954, ina injini nne za mapanga na hubeba chini ya nusu ya Il-76. Ila kwa umri yeye ndiye mkubwa. Kabla yake ndege nyingi za mizigo zilikuwa mateso kwa wapakiaji. Chukua Berlin: Juni 1948 Wasovieti walifunga barabara na reli za kuingia upande wa magharibi wa mji, Wamarekani na Waingereza wakaulisha mji kwa ndege mpaka Septemba 1949, tani zaidi ya milioni 2.3, na sehemu kubwa ya mzigo huo ilikuwa makaa ya mawe. Ndege walizotumia zaidi, C-47 na C-54, zilikuwa na mlango wa ubavuni. Ile C-47 ikiwa chini inakaa kwa mkia, sakafu imeinama, unasukuma gunia unapanda mlima. C-54 sakafu yake ni tambarare lakini mlango uko juu mno. Makaa yale yaliingia na kutoka gunia kwa gunia, mgongoni mwa mtu. Nikiisoma habari ya Berlin watu wananitajia marubani. Mimi nawafikiria makuli.

Wajerumani walikuwa wamejaribu mapema. Messerschmitt Me 323, ya mwaka 1942, ilikuwa na injini sita, matairi mengi chini ya tumbo, na pua iliyofunguka pande mbili gari likaingia. Ilianza maisha kama ndege isiyo na injini kabisa, ya kuvutwa, wakiwa na ndoto ya kuivamia Uingereza. Wazo zuri, mwendo wa kobe. Aprili 1943 msafara wake uliokuwa ukipeleka mafuta Tunisia ulikutana na ndege za kivita juu ya Mediterania, na nyingi zikaangushwa siku moja.

C-130 ikaja na jibu lililokaa: mabawa juu ya mgongo, ili tumbo lishuke karibu na ardhi, sakafu iwe kimo cha lori, mkia uinuliwe, mlango uwe chini yake. Tangu hapo karibu kila taifa lililotengeneza ndege nzito ya jeshi limefuata mpangilio huo. Wamarekani wenyewe wakauwekea injini za jeti mwaka 1963 kwenye C-141, na wapo wanaodai Il-76 imeigwa humo. Ukizitazama kwa mbali utakubali. Ukizitazama kwenye miguu hutakubali: C-141 ilitengenezwa kwa viwanja vya lami, Il-76 kwa udongo. Swali likiwa moja, wenye akili wawili wanaweza kufika jibu linalofanana bila kuchunguliana.

SWALI: Asalaam aleikum mzee. Nafanya biashara ya dagaa hapa Kibirizi. Ndege hiyo ikitua Kigoma si tungepeleka dagaa wetu hadi Dubai? Inaweza kutua kweli?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Kutua ni jambo moja, kuruka ukiwa umeshiba ni jambo jingine, na biashara yako iko kwenye hilo la pili. Ndege tupu, mafuta kidogo, asubuhi ya baridi, itaridhika na uwanja mfupi. Ijaze mpaka tani 190, uzito wake wa mwisho pamoja na mafuta kwa zile zinazobeba mzigo wa tani 50, kisha uirushe saa nane mchana kwenye jua la Kigoma, hapo inahitaji njia ndefu kweli. Hewa ya joto ni nyepesi, haibebi bawa vizuri wala haiishibishi injini. Mwinuko nao hufanya kazi hiyohiyo. Sisi maji ya ziwa letu tu yako karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari; ndugu zetu wa Tabora wako juu zaidi, wamepita mita 1,100. Rubani hupiga hesabu hiyo kabla ya kukubali kilo ya kwanza ya mzigo, na akikosa njia ndefu anakupunguzia maboksi.

Kisha kuna mafuta. Matangi yake hubeba zaidi ya lita 100,000. Sangara aliweza kulipa kwa sababu minofu yake ilikuwa inaharibika haraka na mnunuzi wa Ulaya alikuwa na haraka kuliko yeye. Dagaa wako mkavu anakaa miezi. Kitu kinachoweza kungoja hakipandi ndege, kinapanda treni. Usikasirike.

Lakini nikusimulie kitu kuhusu kutua mahali pasipo na mwenyeji. Agosti 1995 Il-76 ya kampuni moja ya Tatarstan, jimbo la Urusi, ilikuwa inapeleka risasi Kabul kwa serikali ya Afghanistan. Taliban wakairushia ndege ya kivita, MiG-21, wakailazimisha kutua Kandahar, wahudumu wote saba wakawa mateka. Walikaa zaidi ya mwaka. Walichofanya ni kuwashawishi walinzi kwamba ndege ya thamani namna ile itaoza bila matengenezo, basi wakawa wanaruhusiwa kwenda kuihudumia mara kwa mara. Ijumaa, tarehe 16 Agosti 1996, walinzi wengi wakiwa wamekwenda kuswali, wakawakamata watatu waliobaki, wakawasha injini, wakaruka, wakashuka chini sana ili wasionekane, mpaka Sharjah, Falme za Kiarabu.

Watu husimulia ujasiri wao, na ni haki yao. Mimi naona injini ndogo iliyofichwa kwenye uvimbe wa miguu upande wa kushoto. Ndege nyingi za wakati ule zikikaa muda mrefu zilihitaji gari la uwanjani lije kuziwashia. Il-76 inayo ya kwake. Inawaka hiyo ndogo kwanza, inaziamsha zile nne kubwa. Wale waliotaka ndege isiyohitaji kreni ya mwenyeji walihakikisha haihitaji na kiberiti chake. Bila hiyo, wahudumu wale wangebaki Kandahar wakiomba gari.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tabora. Babu yetu kijijini husema Wajerumani walitaka kutuma puto kubwa lenye risasi hadi huku wakati wa vita vya kwanza. Mwalimu amesema ni hadithi. Naomba ukweli.

JIBU: Mwanangu, mheshimu mwalimu, lakini safari hii mpe babu maki zake.

Kwanza ujue hali. Ndege za kwanza kuleta habari mbaya Kigoma zilikuwa za Wabelgiji, zenye kutua majini, zilizovuka ziwa Juni 1916 kuja kuidondoshea mabomu meli ya Graf von Götzen, hiyo mnayoiita Liemba. Septemba mwaka huo Wabelgiji wakaingia Tabora. Jenerali Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani huku, akazidi kusukumwa kusini, na kwa kuwa Waingereza walikuwa wameziba bahari, hakuna meli iliyomfikishia dawa wala risasi. Ndipo Berlin wakaamua kumtumia mzigo kwa hewa.

Chombo kiliitwa L59. Kilikuwa jahazi la angani, mfuko mrefu wa mita 226 uliojazwa haidrojeni, na injini zake. Kilipakiwa tani 15 hivi za risasi, bunduki za rashasha, dawa na vifaa vingine, na kikaondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917, nahodha wake akiitwa Ludwig Bockholt. Kikavuka Mediterania, kikaingia jangwa la Misri, mchana kinapikwa na jua, gesi inatanuka na kupotea, usiku baridi inakiangusha chini. Kikafika Sudan, upande wa magharibi wa Khartoum. Hapo ikaingia amri kwa redio: rudini. Habari zilikuwa kwamba Lettow-Vorbeck ameshindwa kuishikilia nchi ya Wamakonde, mahali kilipotakiwa kushukia. Siku zilezile yeye alikuwa anavuka Ruvuma. Wakageuka. Walifika Jamboli tarehe 25, wamekaa hewani saa 95 na kupita kilomita 6,757 bila kugusa ardhi.

Hebu angalia orodha ya mzigo kwa jicho langu. Huku hakukuwa na haidrojeni ya kukijaza chombo ili kirudi, kwa hiyo kilipangwa kisirudi. Kitambaa chake kingeshonwa mahema na nguo, vitambaa vya ndani vingekuwa bandeji, fremu ya chuma chepesi ingesimamishwa kuwa mlingoti wa redio. Katika kazi yangu yote sijawahi kuona karatasi ya mizigo ambayo chombo chenyewe kimeandikwa humo. Mwaka uliofuata, Aprili 1918, L59 ililipuka juu ya bahari karibu na Italia na wote waliokuwemo wakafa, Bockholt akiwa mmoja wao.

SWALI: Nipo Kibondo. Binti yangu anafanya kazi Sudan Kusini na shirika la misaada, anasema ndege humwaga magunia ya chakula toka angani bila miamvuli. Magunia hayapasuki? Na mbona wakimbizi waliokuja kwetu hatukuona ndege hizo?

JIBU: Dada yangu, hongera kwa binti. Ndege hiyo ni hiihii Il-76, na wanaoikodi ni Mpango wa Chakula Duniani. Kunakuwa na maeneo ambayo msimu wa mvua barabara yote ni tope, uwanja hakuna, na tumbo halingoji kiangazi.

Gunia halijazwi pomoni. Nafaka inawekwa kwenye gunia lenye nafasi, hilo linaingizwa ndani ya jingine, na jingine tena. Likipiga chini la ndani huenda likaachia, punje zinapata pa kukimbilia, la nje linabaki. Ndani ya ndege magunia yanapangwa juu ya mbao zilizokaa kwenye rola za sakafu, na kamba moja imeyazuia. Ndege inashuka mpaka mita 200 au 300 hivi, inapunguza mwendo, mlango wa nyuma uko wazi. Mwongoza njia kwenye kioo chake anahesabu. Anapotoa neno rubani anainua pua, kamba inakatwa, na mzigo unateleza wenyewe kwa uzito wake. Ni mtambo uleule uliobuniwa kwa ajili ya askari wa miamvuli zaidi ya 120 na magari yao. Chini eneo limewekwa alama, watu wa redio wamesimama pembeni, na hakuna ruhusa mtu wala ng'ombe kuvuka mpaka ndege imalize. Gunia la kilo 50 kutoka kimo kile linaua. Binti yako analijua hilo, muulize.

Sisi hatukuziona kwa sababu tulikuwa na reli. Chakula cha makambi ya Kasulu na Kibondo kilikuja kwa mabehewa na kumalizia kwa malori. Kudondosha toka angani ni gharama kubwa, hufanywa njia nyingine zote zikiwa zimekufa. Wakimbizi wa Rwanda waliokimbilia Goma, Julai 1994, walipata ndege za kila taifa kwa sababu watu walikuwa wanakufa kwa kipindupindu maelfu kwa maelfu na hapakuwa na muda wa kungoja behewa.

SWALI: Babu, kwa utani tu, toka Uvinza. Ndege hiyo ingeweza kubeba MV Liemba? Kama haiwezi, ipi inaweza?

JIBU: Utani wako nimeupigia hesabu, ole wako.

Liemba ina urefu wa mita 71 na uzito unaopita tani 1,000. Hakuna ndege iliyowahi kuibeba nzima wala itakayokuja. Lakini kumbuka hata Wajerumani hawakuileta nzima: iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye makasha 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa meli na huku kwa reli, ikaunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Makasha ndiyo lugha yangu. Kwa Il-76 ya tani 50 ungepiga safari zaidi ya ishirini, ilimradi hakuna kipande kinachozidi zile mita 3.45 za upana. Kwa Antonov An-124, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1982, inayofunguka puani na mkiani na kubeba tani 120, safari zisingefika kumi na tano. An-225 ilikuwa moja tu duniani, injini sita, ilijengwa ibebe chombo cha anga cha Wasovieti mgongoni, na iliwahi kunyanyua zaidi ya tani 250 kwa mara moja. Ingemaliza kazi yako kwa safari tano au sita. Iliteketezwa uwanjani kwake Hostomel, Ukraine, vita vilipoanza Februari 2022.

Kwa hiyo hapa Kigoma utabaki na gati, reli, na makuli 5,000 wa kubeba kasha mojamoja. Mimi nitashika daftari, malipo kabla ya kazi.